Kisigino Juu ya Maji

Si kila siku mtu mzima hufundishwa kuanguka chali sebuleni kwake, mbele ya watoto wake, na anayemfundisha awe kijana wa miaka kumi na tisa aliyevaa tai. Lakini ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ile nyumbani kwa Fundi Rangi. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani, viti vimebebana kimoja juu ya kingine, na mwenye nyumba amesimama katikati ya sakafu, ameshika pua.

"Bado, baba," kijana alisema. "Pua unaishika nikishamaliza kusema maneno."

"Nazoea."

"Mkono huu unanishika mimi hapa, kwenye kifundo cha mkono. Mimi nakushika mgongoni. Nikisema amina, unakunja magoti, unalala. Usiogope, nitakubeba."

Fundi Rangi alimpima kwa macho, kuanzia viatu vilivyolika visigino mpaka nywele zilizochanwa upande. "Utanibeba wewe?"

"Majini kila mtu ni mwepesi."

"Na hili goti nalikunjaje, wakati halijawahi kukunjika tangu lilipovunjika?"

Kijana aliinama kulitazama. Fundi Rangi alikuwa amedondoka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na mguu wa kushoto ulipopona ulipona umenyooka kama mpini wa ufagio. Tangu siku hiyo kazi za juu zikamwishia. Akabaki kupaka milango, mageti na sehemu za chini za kuta, mahali ambapo mtu hahitaji ngazi. Kisha akaanza kunywa, na alikunywa kama mtu aliyepewa kibarua cha kumaliza. Mpaka siku walipobisha hodi vijana wawili wa kanisa la Wamormoni. Walikuja kuhubiri, wakamkuta amelala mlangoni, wakamwinua, wakamwingiza ndani, wakarudi kesho yake kumsalimu. Tangu mwezi wa pili wa mazungumzo yao, Fundi Rangi hakugusa chupa.

Watu wa dini ile wana jambo moja linalochekesha wasiowazoea. Kijana wanayemtuma kuhubiri humwita Mzee, hata kama ndevu hazijamwota, na cheo hicho huandikwa kwenye kibao cheusi kifuani. Tena hawatembei mmoja mmoja. Ni wawili wawili kama miguu ya suruali, mmoja akienda, mwingine yupo. Mapacha wa Fundi Rangi walikuwa wameshamaliza suala la majina. Yule mnene, mpole, mwenye soksi zisizofanana, walimwita Mzee Mkubwa. Huyu mwembamba, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kuona haya, akawa Mzee Mdogo.

"Alale hivyo hivyo na goti lake," Mzee Mkubwa alisema kutoka pembeni. "Mguu mmoja ukikunjwa unatosha."

Wakajaribu. Fundi Rangi akalala mikononi mwa kijana, mguu mzima umekunjwa, ule mwingine umenyooka mbele, kisigino kimetulia sakafuni. Wakajaribu tena. Kikatulia tena. Wote watatu wakaridhika, na hapo ndipo walipokosea, maana sakafu si maji.

Shemeji mtu, dereva wa lori, aliingia bila kubisha. Akasimama mlangoni, funguo zikining'inia kidoleni.

"Mnamfundisha dansi, au mnampima jeneza?"

"Jumamosi nabatizwa, shemeji," Fundi Rangi alisema, bado amelala mikononi mwa kijana. "Njoo uone."

"Nitakuja. Sijawahi kuona mtu akioga na nguo." Akawageukia wale vijana. "Na nyinyi wazee wangu, jua lote hili, tai zote hizo. Kweli mtu hufa na tai shingoni."

Vijana wakacheka kwa adabu. Walikuwa wameshayasikia mengi, na la dereva lilikuwa la upole.

Mke wa Fundi, Mama Pacha, hakucheka. Alikuwa amekaa dirishani akishona. Kanisani kuna nguo nyeupe za kuazima kwa ajili ya ubatizo, lakini hapakuwa na suruali iliyokubali kupanda kwenye mguu ule, basi alikuwa amelikata pazia lake jeupe, la pekee lililokuwa zima, akashona suruali yenye mguu mmoja mpana. Vijana walipoaga, aliwasindikiza mpaka nje, sindano bado mkononi.

"Mzee Mdogo, nisikilize," alisema. "Mimi dini yenu sijaitaka na sijui kama nitaitaka. Lakini mnamwona yule aliyemo ndani? Huyo ndiye niliyeolewa naye. Alipotea, na sasa amerudi. Amewaita mafundi wenzake wote waje Jumamosi. Anasema, walimwona akianguka, waje wamwone akiinuka. Kama kitamharibikia kitu mbele ya watu wale, atarudi kule kule, na mimi safari hii nachukua watoto wangu naondoka. Usiniharibie, mwanangu."

"Haitaharibika, mama."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Alikuwa na mwaka na zaidi katika kazi ile. Alishafungiwa milango mingi, alishaachiwa mbwa, alishaketi na watu waliomsikiliza mpaka mwisho kisha wakamwomba nauli. Mikono yake ilikuwa haijambatiza mtu hata mmoja. Furaha zake aliweza kuzihesabu, na iliyo kubwa ilitoka nyumba hii, siku Fundi Rangi alipokubali kuomba kwa sauti kwa mara ya kwanza. Alifumba macho, akakaa kimya sana, kisha akasema: "Mungu, hili goti sijui ulilitakia nini. Lakini asante kwa lile lingine." Mzee Mdogo alilia njia nzima kurudi chumbani, na mwenzake akajifanya anatazama maduka.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kisima cha ubatizo, ndivyo wanavyokiita, ni birika la vigae lililochimbwa chini, lenye ngazi za kushukia na kizuizi cha chuma mbele yake. Mafundi rangi walikaa safu ya nyuma na mashati yao safi, mikono magotini, kama watu waliokuja kusikiliza kesi. Shemeji alikaa nao. Mapacha walibanwa mbele kabisa, pua zao zimegusa kizuizi.

Watu hawa wana sharti, na sharti lao halina mlango wa uani. Anayebatizwa azame mwili wote. Ukibaki unywele juu ya maji, kidole, pindo la nguo, yanarudiwa maneno, anazamishwa upya. Mashahidi wawili husimama ukingoni kuhakikisha. Siku ile walisimama mama mmoja mshona magauni na mwalimu mstaafu.

Fundi Rangi alishuka, mguu mzima kwanza, ule mbovu ukifuata na kugonga kila ngazi. Suruali ya pazia ilijaa maji ikavimba. Mzee Mdogo alikuwa akimsubiri, maji kiunoni. Akainua mkono, akasema maneno bila kukosea hata neno moja, akamlaza.

Mwili ulizama. Lakini mguu ulionyooka ukafanya kama ubao wa pembea ya watoto: kichwa kiliposhuka, mguu ulipanda. Ukasimama juu ya maji, mweupe, na vidole vyake vitano vikitazama dari.

Mashahidi wakatikisa vichwa.

"Nini?" Fundi Rangi aliuliza akipangusa macho.

"Mguu, baba. Tunarudia."

"Aha." Akacheka mwenyewe, na watu wakacheka naye. Kicheko cha kwanza hakikuwa na ubaya.

Mara ya pili Mzee Mdogo aliukanyaga ule mguu kwa mguu wake. Vigae vilikuwa na utelezi. Fundi alipolala, mguu ukachomoka, vidole vikatokea. Watu walicheka tena, na safari hii Fundi Rangi hakuwamo. Huko nyuma mmoja wa mafundi alikuwa ameziba mdomo kwa kofia, mabega yakimtikisika.

Mara ya tatu kijana alimsukuma chini kwa nguvu zake zote, akamshikilia. Fundi Rangi aliibuka akikohoa, maji yakimtoka puani, amemkamata kijana shati kama mtu anayetaka kuzama kwelikweli. Mashahidi wakatazamana. Mama mshonaji akaitikia kwa kichwa. Mwalimu naye akaitikia. Ukumbi mzima ukashusha pumzi, mtu akaanzisha wimbo, na Mama Pacha akasimama na taulo, uso wake umefunguka kama dirisha.

Lakini Mzee Mdogo alikuwa ameona. Wakati macho ya wote yalikuwa kwenye vidole, kisigino kilichungulia, kipande kidogo tu, kama yai linaloelea, kisha kikazama.

"Hapana," alisema.

Chumba cha vigae hakina siri. Neno lilizunguka kuta zote nne, likarudi. Wimbo ukakatika.

"Hajazama. Kisigino kilibaki juu."

 Kisha sauti ya shemeji ikatoka nyuma: "Basi ukateni huo mguu, muubatize peke yake."

Safu ya nyuma yote ililipuka. Hata waumini wawili watatu waliinamisha nyuso.

"Mara moja tu, baba," Mzee Mdogo alisema. "Mara moja, tumalize."

 Fundi Rangi aliutazama ukumbi, akaenda na macho yake polepole mpaka kwa mafundi wenzake, akawatazama mmoja mmoja kama anayetaka kuwakumbuka baadaye. Kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa kijana, kidole kwa kidole, akapanda ngazi. Taulo alilipita. Alitoka na suruali yake ya pazia inayochuruzika, akashika barabara hivyo hivyo, mchana kweupe. Mkewe akamfuata na viatu vyake mkononi.

*

"Mashahidi walishakubali," Mzee Mkubwa alisema jioni, akikamua soksi juu ya ndoo katika chumba chao cha kupanga. "Kazi ni yao. Wewe ulikuwa na kazi yako."

"Niliona."

"Mimi nilikaa mbele kabisa, sikuona."

"Hukutaka kuona."

Mzee Mkubwa alitundika soksi, akafikiri. Hakuwa mtu wa kukasirika haraka. "Labda. Na Mungu je? Wewe unadhani alikuwa amekazia macho kisigino?"

"Kama kisigino si kitu kwake, alitutuma huku kufanya nini?"

Swali hilo lilikaa nao chumbani kama mgeni asiyeaga. Kabla hawajalala simu iliita. Kiongozi wao wa kazi alikuwa akitangaza uhamisho: Mzee Mkubwa abaki, Mzee Mdogo Jumatano apande basi, aende mji mwingine, akapewe mwenzake mwingine. Ndivyo wanavyoishi. Wanafika mahali, wanajifunza majina ya watoto, wanajua ni mlango upi unahitaji kusukumwa kwa bega, kisha simu inaita.

Jumapili kiti cha Fundi Rangi kilikuwa kitupu. Walipomaliza ibada walikwenda nyumbani kwake. Mama Pacha alifungua mlango upana wa uso wake tu.

"Hakunywa," alisema kabla hawajauliza. "Amekaa tangu jana anatazama ukuta. Fundi wa rangi akitazama ukuta na hana brashi mkononi, ogopa."

"Tunaweza kumwona, mama?"

"Hataki." Akamkazia macho Mzee Mdogo. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Nilikuomba kitu kimoja."

Pacha mmoja alipenyeza kichwa chini ya mkono wa mama yake. "Mzee Mdogo, leo utamwangusha baba tena?"

Mlango ukafungwa taratibu.

Jumatatu ni siku yao ya kufua, na ya kupiga simu makwao. Mama yake Mzee Mdogo alipokea kabla haijalia mara mbili. Alikuwa mwuza mitumba, mwanamke wa sauti ya sokoni, na mtoto wake kuwa mtumishi wa Mungu lilikuwa jambo alilolieneza meza kwa meza.

"Enhe, mwanangu. Nimewaambia kanisa zima. Umembatiza?"

"Bado, mama."

"Bado vipi? Si ulisema Jumamosi?"

"Kuna kitu kidogo hakikuwa sawa. Nikakisema."

"Kama hakikuwa sawa ulifanya vyema kukisema. Sasa mbona sauti iko chini?"

Hakuweza kumweleza. Aliuliza habari za mitumba, akaaga mapema, kisha akamwambia mwenzake avae viatu.

*

Fundi Rangi walimpata kwenye jengo la ofisi lililokuwa likimaliziwa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo tupu, mguu umenyooshwa mbele, akipaka fremu ya mlango. Juu ya ngazi walikuwapo mafundi wawili wa Jumamosi.

"Hodi hodi, wazee wameingia," mmoja alisema. Mwingine akavua kandambili, akaunyoosha mguu wake hewani kutoka kwenye ngazi, akakichezesha kisigino. "Jamani, hiki kimezama? Nauliza tu, nisije nikakosa mbinguni."

Fundi Rangi hakuinua kichwa. Brashi yake haikutetereka. Mtu asiyemjua angedhani hakusikia, lakini Mzee Mdogo aliona shingo yake ilivyokazana, akajua kwamba wimbo ule ulikuwa umeimbwa tangu asubuhi, na kwamba aliyeutunga alikuwa yeye.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba." Brashi ikapanda, ikashuka. Mwishowe Fundi alichukua kipande cha msasa, akakitupa miguuni pa kijana. "Kama umekuja kusimama, utaniziba mwanga. Fremu ile inataka kusuguliwa. Na mwenzako achanganye ile rangi, imekaa chini."

Wakavua tai, wakakunja mikono ya mashati. Mzee Mdogo alisugua fremu mpaka vumbi jeupe likamjaa nyusi. Walio juu ya ngazi walichoka kutania watu wasiojibu, wakaenda chumba cha pili na ngazi yao.

"Jamaa hawa unawaona," Fundi Rangi alisema, kama anayeongea na mlango. "Wamenijua miaka. Wanaacha vipande bila rangi nyuma ya makabati, na mimi pia naacha. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kufa. Kwa hiyo usije ukanieleza habari ya kazi kamili."

"Sikuja na hilo."

"Ulikuja na lipi?"

"Kuomba msamaha."

"Wa nini? Kisigino hakikubaki juu?"

Kijana aliweka msasa chini. "Kilibaki."

"Basi ulisema kweli. Anayesema kweli anaomba msamaha wa nini?" Fundi aliiweka brashi juu ya kopo, akageuka mwili mzima, maana kwa mguu ule hakuweza kugeuka nusu. Akagusa sikio lake kwa kidole chenye rangi. "Mdomo wako ulikuwa hapa. Hapa. Maneno yako yote ya dini uliniambia humu humu. Pumzi yako naijua. Ungeniambia, 'Baba, bado, mara moja tena.' Ningeshuka. Ningeshuka hata mara kumi, nikawaambia watu nimeyapenda maji. Kwa nini hukuniambia humu?"

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Ulifikiri uwe sahihi mbele za watu."

Mzee Mdogo alitaka kukataa. Alijichungulia ndani akaona lilikuwapo, kubwa kuliko alivyodhani. Alikuwa ameungoja ubatizo wake wa kwanza mwaka mzima na ushei. Aliutaka usio na doa, kama shati jipya. Na alipoliona doa, alimnyooshea kidole aliyelivaa.

"Ndiyo," alisema. "Ilikuwa hivyo." Akageukia chumba cha pili: "Nitawaambia wale wenzako."

"Usiwaambie kitu. Umeshasema vya kutosha."

Kona ya pili Mzee Mkubwa aliacha kukoroga, kisha akakoroga kwa bidii zaidi.

"Jumatano nahamishwa," Mzee Mdogo alisema.

"Kwa hiyo umekuja kuniwahi kabla ya basi."

"Hapana." Akafikiri. "Na hilo pia, ndiyo."

Fundi Rangi alitoa sauti puani, isiyofika kuwa kicheko. Akachukua brashi tena, akaanza mkono wa pili, rangi juu ya rangi.

"Jana shemeji alikuja na chupa," alianza. "Akaiweka mezani, akasema, 'Pole ya maji inatolewa na hii.' Mama Pacha alikuwa jikoni, nikasikia vyombo vimenyamaza. Tukaiangalia ile chupa, mimi na shemeji. Tuliiangalia mpaka ikamchosha yeye. Akaondoka nayo. Mama Pacha akatoka, akakaa karibu na mimi. Nikajiuliza, kumbe walichonicheka Jumamosi ni kipi? Ni mguu. Mguu wamekuwa wakinicheka siku zote. Kile kingine, kilichoniachisha chupa, hawakukigusa." Akachovya brashi. "Nitarudi majini. Kesho jioni. Sitaki safu ya nyuma, sitaki shemeji."

"Sawa, baba."

"Na si mkono wako."

Mzee Mdogo aliona kama mlango mwingine umefungwa mbele yake, wa mwisho na mzito kuliko yote. Akaitikia kwa kichwa.

"Atanizamisha huyu mnene, ana uzito. Wewe utasimama ukingoni, shahidi. Wale wengine walinionea huruma. Wewe una macho mabaya. Nayataka macho hayo." Akamtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Lakini mdomo wako nautazama."

*

Kiongozi wa tawi la kanisa, muuza vipuri vya baiskeli siku za kazi, alilalamika kidogo juu ya maji kisha akafungua bomba mwenyewe. Jumanne jioni hapakuwa na watu wa kujaza hata safu moja. Alikuwapo yeye, mama mshona magauni, mapacha na mama yao. Taa moja iliwashwa. Maji yalikuwa kimya.

Mzee Mkubwa alishuka kwanza, na maji yakapanda ngazi moja kumpisha. Fundi Rangi akafuata, ameshika chuma. Mguu ukagonga ngazi ya kwanza, ukagonga ya pili. Mama Pacha alikuwa amekaa na taulo. Alilikabidhi kwa pacha mmoja, akavua ndala zake, akashuka na gauni lake la kila siku.

"Mama," kiongozi alisema kwa upole, "hujavaa nyeupe."

"Mimi sibatizwi. Mimi nashika mguu."

Kiongozi akamtazama mama mshonaji, mama mshonaji akatazama dari. Hakuna aliyejua kifungu kinachokataza mke kumshika mumewe mguu.

Mzee Mdogo alisimama ukingoni, mikono nyuma. Hapo ndipo alipoona vizuri zaidi kuliko siku zote: kovu refu la goti likionekana kupitia kitambaa kilicholowa, mwanamke ameukumbatia mguu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto anayetaka kukimbia, gauni lake likielea kumzunguka. Mzee Mkubwa akasema maneno taratibu. Akamlaza.

Mguu ulizama. Kisigino kilizama, kimebanwa na mikono miwili iliyojua kubana. Uso ulizama, kifua kikazama. Lakini kiwiko cha mkono ulioshika pua kilibaki nje, kikavu, kimechongoka.

Fundi Rangi aliinuka, akatema maji. Mama mshonaji kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuitikia, akakisimamisha njiani. Wote wakamgeukia Mzee Mdogo. Mapacha wakamgeukia. Mama Pacha, maji yakimtiririka kidevuni, alimtazama kwa namna ambayo angeomba asitazamwe tena maishani.

Kijana alipiga magoti juu ya vigae vilivyolowa. Akainama mpaka tai yake ikaingia majini, akaweka mdomo kwenye sikio la Fundi Rangi, akanong'ona. Hayakuwa maneno mengi. Mke aliyekuwa ameshika mguu hakuyasikia, wala Mzee Mkubwa aliyekuwa ameshika mgongo.

Fundi Rangi alijipangusa uso polepole kwa kiganja, kuanzia paji mpaka kidevu.

"Nirudishe," alimwambia Mzee Mkubwa kwa sauti iliyotosha ukumbi mzima. "Huo ulikuwa mkono wa kwanza. Nani aliwahi kuuacha ukuta na mkono mmoja wa rangi?"

Pacha mmoja akacheka, na Mama Pacha, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akacheka naye. Akaukaza mguu kifuani. Maneno yakasemwa upya, neno kwa neno. Fundi Rangi alibana kiwiko mbavuni, akafumba macho, akalala. Maji yakafunga juu yake, na Mzee Mdogo, bado amepiga magoti, akatazama.